Karatasi ikaguliwe kama kiinitete: barua ya wazi kwa wasimamizi wa matibabu ya uzazi nchini Uingereza

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Mamlaka ya Urutubishaji na Embriolojia ya Binadamu, yaani HFEA,
na kwa wakuu wa kliniki zote zenye leseni ya mamlaka hiyo.

YAH: MAKOSA KATIKA FOMU ZA IDHINI YA UZAZI WA KISHERIA

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu fomu mbili ambazo katika kliniki zenu hujulikana kwa herufi tu, WP na PP. Ya kwanza husainiwa na mwanamke anayetibiwa, akikubali kwamba mwenza wake awe mzazi wa pili wa mtoto atakayezaliwa. Ya pili husainiwa na mwenza mwenyewe, akikubali kuwa mzazi huyo. Kwa watu ambao ndoa yao inatambuliwa na sheria, uzazi hautegemei fomu hizi, kwa kuwa mume au mke wa mama huhesabiwa kuwa mzazi isipokuwa ithibitike kwamba hakuridhia matibabu. Na pale mwanamume asiye na ndoa anapotumia mbegu zake mwenyewe, damu yake inamtosha. Lakini kwa wenza wasio na ndoa wanaotumia mbegu za mchangiaji, karatasi hizo mbili ndizo zinazomfanya mtu kuwa mzazi. Zikikosekana, mtu aliyeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, anayempeleka mtoto shule na kukesha naye akiwa na homa, mbele ya sheria si chochote kwa mtoto huyo.

Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimekwisha kuwatumia. Hii ya Kiswahili naitoa hadharani kwa sababu tupo wengi, tunaoishi huku tukizungumza Kiswahili nyumbani, ambao tumepita katika vyumba vyenu vya kusubiria, na tunastahili kujua kwamba jambo hili halimpati mtu mmoja mmoja kwa bahati mbaya.

Sheria yenyewe haina utata. Vifungu vya uzazi vya Sheria ya Urutubishaji na Embriolojia ya Binadamu ya 2008, vilivyoanza kutumika tarehe 6 Aprili 2009, vinataka idhini iwe ya maandishi, iwe na saini, iwe imekabidhiwa kwa kliniki, na iwe hai na haijabatilishwa wakati kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, au mbegu zinapowekwa mwilini mwa mwanamke. Mkazo uko kwenye wakati. Saini iliyowekwa siku moja baada ya hapo si saini iliyochelewa. Kwa sheria hii ni kana kwamba haikuwekwa. Wazazi wanaweza kuandika upya fomu mia moja baada ya mtoto kuzaliwa na hakuna hata moja itakayosaidia. Ndiyo maana kosa la karani katika jambo hili halifanani na kosa la karani mahali pengine, ambako mtu huitwa kaunta, akaombwa radhi, akajaza tena.

Wala hamwezi kusema kwamba hamkuonywa. Mwezi Mei 2013 Jaji Cobb wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Familia, alitoa hukumu katika shauri ambalo fomu hazikuwa zimekamilishwa ipasavyo kabla ya matibabu, na mwenza wa mama hakutambuliwa kuwa mzazi kisheria. Kutokana na hukumu hiyo, HFEA ilizitaka kliniki zote zipekue majalada yao. Matokeo yake yanajulikana: kliniki 51, sawa na asilimia 46, zilikuta kasoro. Fomu hazikuwamo kabisa. Au zilijazwa baada ya matibabu kuanza. Au hazikuwa na saini. Au zilisainiwa na mtu asiye mhusika. Au kurasa zilikosekana. Au hapakuwa na ushahidi kwamba wahusika walipewa nafasi ya ushauri nasaha kabla ya kusaini. Tarehe 11 Septemba 2015, akitoa hukumu katika kundi la mashauri yaliyotokana na upekuzi huo, Sir James Munby, aliyekuwa Rais wa Kitengo cha Familia, alieleza kwamba picha aliyoiona ni ya kushtusha, kwamba ni uzembe ulioenea katika sekta nzima, na kwamba kiwango chake kinazua maswali, kama si kuhusu usimamizi wenu basi kuhusu upana wa mamlaka mliyopewa. Ni mara chache jaji wa ngazi hiyo huandika hivyo juu ya sekta ambayo imekuwa chini ya leseni na ukaguzi tangu 1991.

Majaji, kwa hekima yao, wamefanya kila linalowezekana kuwaokoa wazazi. Wamekubali kwamba fomu iliyosainiwa na kupotea bado ilisainiwa, na kwamba ushahidi wa mdomo na kumbukumbu za muuguzi vinaweza kuthibitisha hivyo. Wamekubali kusoma fomu yenye makosa ya wazi kama ilivyokusudiwa kusomwa. Wamekubali hata kwamba fomu nyingine ya ndani ya kliniki, isiyo WP wala PP, inaweza kubeba idhini iwapo maneno yake yanatosha. Nawashukuru. Hata hivyo, huruma ya mahakama ina mpaka, na mpaka huo ni maneno ya Bunge: pale ambapo kweli hakuna aliyesaini chochote kabla ya siku ya matibabu, hakuna jaji anayeweza kuumba saini.

Sasa niwakumbushe jambo jingine, kwa maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mwaka 2002 ilijulikana kwamba katika kliniki moja ya Leeds mayai ya mwanamke yalirutubishwa kwa mbegu za mwanamume ambaye si mumewe. Walizaliwa pacha, na Februari 2003 mahakama iliamua kwamba mume wa mama hakuwa baba yao kisheria, kwa kuwa alichoridhia yeye ni matibabu kwa mbegu zake na si kwa mbegu za mtu mwingine. Profesa Brian Toft aliteuliwa kuchunguza, akatoa ripoti mwaka 2004. Leo hakuna maabara yenye leseni inayoruhusiwa kuhamisha yai, mbegu au kiinitete kutoka chombo kimoja kwenda kingine bila utambulisho kuhakikiwa mara mbili pale pale, na uhakiki huo kuandikwa. Mtaalamu mmoja husoma jina na namba, mwenzake huhakikisha, wote wawili huweka alama zao. Mahali pengine kifaa cha kielektroniki hupiga kengele chombo kisichohusika kinaposogezwa karibu. Kazi husimama mpaka wa pili afike. Hata kama daktari ana haraka, hata kama mgonjwa amekwisha kulala kitandani, kiinitete hakitoki kwenye kabati lake la joto kabla majina hayajasomwa kwa sauti.

Je, karatasi inayomfanya mtu kuwa mzazi inasomwa na nani kwa sauti? Nimeuliza swali hili kwa watumishi wa kliniki zaidi ya moja, na jibu huwa lile lile: muuguzi huangalia. Muuguzi yupi, lini, na kwa kulinganisha na nini, hapo majibu huanza kutofautiana. Hamwezi kusema kwamba jambo moja ni zito kuliko lingine. Kosa la maabara la Leeds na kosa la fomu la 2013 yalifikia mahali pamoja, yaani mtu aliyekusudiwa kuwa mzazi akaambiwa na mahakama kwamba siye. Kwa kosa la kwanza mliweka utaratibu unaosimamisha kazi. Kwa la pili mliagiza upekuzi, mkaboresha fomu, mkaongeza mwongozo na mafunzo. Mambo hayo ni mema, lakini hakuna hata moja linalosimamisha kazi.

Mimi ni mmoja wa wazazi waliopokea barua ya kliniki kuhusu kasoro za namna hii. Sitataja kliniki, kwa kuwa watumishi wake wengi walitutendea wema na kwa kuwa barua hii si ya kumshtaki mtu. Ilikuja katika bahasha ya kawaida, mtoto wetu akiwa tayari ameanza shule, ikisema kwamba katika ukaguzi wa kumbukumbu imeonekana tofauti inayohusu idhini yetu na kwamba huenda tukahitaji ushauri wa mwanasheria. Neno walilochagua ni tofauti, si kosa. Tulipoonyeshwa jalada, fomu ya mwenzangu ilikuwamo, imejazwa kwa mwandiko wake, yangu haikuwamo. Palikuwa na orodha ya ukaguzi iliyoambatishwa mbele ya jalada, yenye mstari unaosomeka kwamba fomu zote za idhini zimekamilika, na pembeni yake alama ya vema na herufi mbili za jina la mtu. Nilikumbuka vizuri siku ile: rundo la karatasi mapajani, muuguzi mpole akifunua pembe za kurasa na kusema saini hapa, na hapa, na hapa tena, huku mwenzangu akiitwa chumba cha pili kutolewa damu. Ile alama ya vema ndiyo iliyotuokoa mahakamani, kwa sababu jaji aliona kwamba fomu ilikuwapo ikapotea. Lakini alama hiyo hiyo ndiyo ninayoilalamikia. Aliyeiweka hakuandika alikagua fomu ipi, ukurasa upi, saini ya nani, na hakuna mtu wa pili aliyemuuliza.

Kliniki ililipia mawakili wetu, kama inavyopasa. Kuna familia ambazo zilianza kwa kuambiwa zijitafutie wakili na zifikirie kuasili. Naomba mlitafakari neno hilo kidogo. Kuasili ni njia ya heshima kwa mtu anayechukua mtoto wa mwingine awe wake. Kumwambia mama au baba aliyepanga mtoto huyu tangu siku ya kwanza kwamba aombe kumwasili, achunguzwe na maofisa wa ustawi wa jamii, apewe uzazi kuanzia siku ya amri na si tangu mtoto alipozaliwa, ni kumfanya alipe yeye kwa uzembe wa kabati la majalada. Tamko la uzazi chini ya kifungu cha 55A cha Sheria ya Familia ya 1986 ni jambo tofauti kabisa: linasema kwamba mtu huyu ni mzazi na amekuwa mzazi siku zote, na linaifunga Serikali pamoja na watu wote.

Katika majalada yanayosubiri kufunguliwa kuna watu ambao athari zao ni nzito kuliko zetu, na kwa wahamiaji hili lina uzito wa pekee. Sheria ya Uraia wa Uingereza ya 1981, inapotafuta baba ni nani, humwangalia yule anayetambuliwa na sheria ya 2008. Mtoto aliyezaliwa hapa na mama asiye na ukaazi wa kudumu, ambaye uraia wake ulitokana na mwenza wa mama aliye raia, anaweza kuambiwa kwamba uraia huo haukuwapo, kwa sababu ya ukurasa mmoja usio na saini. Mwenza akifariki bila wosia, mtoto huyo si mrithi wake. Wenza wakiachana kwa ugomvi, yule ambaye fomu yake ina kasoro huingia mahakamani akiwa hana hadhi ya mzazi, na mwenzake anajua hivyo.

Kuna pia kundi ambalo nahofia kwamba kliniki haziliulizi maswali ya kutosha. Watu wengi wa jamii zetu wamefunga ndoa hapa Uingereza kwa taratibu za dini au za kimila bila kuisajili. Mahari imetolewa, wazee wameketi, dua zimesomwa, na kila mtu ukoo mzima anawaita mume na mke. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kwamba sherehe ya namna hiyo, isiyofuata kabisa matakwa ya usajili, si ndoa mbele ya sheria ya England na Wales. Ndoa iliyofungwa kihalali nchi za nje kwa kawaida inatambuliwa. Ile iliyofungwa sebuleni kwa shangazi jijini Birmingham bila msajili haitambuliwi. Mpokezi anapouliza kama mmeoana, nao wakajibu kwa moyo mweupe kwamba wameoana, kisanduku kinawekwa alama na fomu za WP na PP hazitolewi. Hakuna aliyedanganya. Kilichokosekana ni mtu wa kuomba cheti cha ndoa. Kwa upande wa pili kuna mwanamke aliyetengana na mumewe miaka mingi lakini hajapewa talaka: sheria humhesabu mume huyo wa zamani kuwa mzazi mpaka ionekane kwamba hakuridhia, na mwenza mpya anayesaini kwa furaha anaweza kukuta kwamba saini yake haina mahali pa kushika.

Nisisahau ubovu wa fomu zenyewe. Mwezi Juni 2022 Mahakama Kuu iliamua shauri la mume ambaye mkewe alifariki mwaka 2019 akiwa mjamzito, wakiwa wamebakiwa na kiinitete kimoja. Mume alitaka kukitumia kwa msaada wa mwanamke atakayebeba mimba. HFEA ilipinga kwa kuwa hapakuwa na idhini ya maandishi ya marehemu. Jaji Theis aliona kwamba fomu haikumpa marehemu nafasi ya kutosha ya kutoa idhini hiyo, na akamruhusu mume. Yaani mgonjwa alilaumiwa kwa kutojibu swali ambalo hakuulizwa. Na tangu 1 Julai 2022, muda wa kuhifadhi mayai, mbegu na viinitete unaweza kufika miaka 55, kwa sharti kwamba idhini ihuishwe kila baada ya miaka 10. Kila uhuishaji ni barua inayotumwa kwenye anwani ambayo huenda imebadilika, fomu inayorudi au isiyorudi, na mtumishi anayekumbuka au asiyekumbuka. Mmeongeza idadi ya milango ambayo kosa linaweza kupitia.

Nitajibiwa kwamba siku hizi kliniki nyingi hutumia fomu za kielektroniki. Ni maendeleo, na programu nzuri haitamruhusu mtu kuruka ukurasa. Lakini programu haijui kama mliooana mmeoana kisheria, haijui aliyeshika simu ni nani, na haijui kama fomu iliyotumwa ni ile inayohusika. Profesa Toft alikwisha kuonya kwamba hata ukaguzi wa watu wawili unaweza kuwa mazoea, mtu akaona anachotarajia kukiona badala ya kilichopo. Onyo hilo linahusu skrini vilevile.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni haya. Kwanza, na hili ndilo lililonifanya niandike, liwe sharti la leseni kwamba siku ya kuweka kiinitete au mbegu, kabla chombo hakijatoka maabara, watu wawili wafungue fomu za uzazi wa kisheria zenyewe, si orodha ya ukaguzi, wasome jina la kila mhusika, saini, tarehe na hali ya ndoa iliyothibitishwa kwa cheti, waandike walichokiona na saa walipokiona. Fomu ikikosekana, kazi isimame. Dakika chache zitatosha kuijaza upya iwapo wahusika wapo, wameelezwa na bado wanaridhia. Kama mmoja hayupo au anasita, basi kliniki imegundua jambo ambalo ilipaswa kulijua mapema.

Kila mgonjwa na mwenza wake wapewe nakala ya fomu walizosaini siku hiyohiyo, waende nazo nyumbani. Jambo hili ni dogo na gharama yake ni ndogo, nami sielewi kwa nini si desturi kila mahali. Familia nyingi zingeepuka mahakama iwapo karatasi iliyopotea kwenye jalada ingekuwa na pacha wake kwenye droo ya nyumbani.

Kosa likigunduliwa, kliniki iwaambie wazazi mara moja na kwa lugha nyoofu, ilipe gharama zote za kupata tamko, na isitaje kuasili. HFEA nayo itangaze kila mwaka, kliniki kwa kliniki, idadi ya makosa ya idhini ya uzazi yaliyogunduliwa na hatua zilizochukuliwa, ili anayechagua kliniki aone takwimu hizo kando ya zile za mafanikio ya mimba. Mwezi Novemba 2023 ninyi wenyewe mlipendekeza kwa Serikali kwamba mfumo wa idhini urekebishwe na kwamba mpewe mamlaka mapana zaidi ya kuadhibu, ikiwemo faini. Nawaunga mkono. Hata hivyo, sharti la watu wawili kusoma fomu halihitaji kusubiri Bunge. Lile la maabara mliliweka kwa masharti ya leseni, na hili linaweza kuwekwa hivyo hivyo.

Naomba nijibiwe hadharani mambo mawili: iwapo sharti hilo litawekwa, na iwapo halitawekwa, ni kwa sababu gani lebo ya chombo cha maabara ihitaji macho ya watu wawili na saini ya mzazi isiyahitaji.

Wenu mtiifu,
Mzazi mmoja

Nakala: Waziri wa Afya na Huduma za Jamii, Rais wa Kitengo cha Familia, Mahakama Kuu ya England na Wales.